Kichanga analia usiku kucha: ziwa, mbeleko, khanga, feni au gripe water, uanze na kipi?

Wazazi wenzangu, hasa nyie mlio ndani ya zile siku arobaini na hamjui tena usiku ni upi na mchana ni upi, nimeona niziweke njia zote za kumbembeleza kichanga sehemu moja tuzilinganishe, manake kila anayekuja kumwona mtoto anakuja na yake. Mama mkwe anasema mfunge khanga, jirani anasema mpe gripe water, ile dawa ya maji ya tumbo ya madukani, atulie, nesi anasema mnyonyeshe, baba mtu kashika simu anatafuta sauti za mvua. Nyingine zinafanya kazi kweli, nyingine ni kupoteza hela tu, na kwenye kila moja mi naangalia vitu viwili: inamtuliza mtoto kiasi gani, na ni nani anaweza kuifanya. Hicho cha pili watu wanakisahau. Njia ambayo mama peke yake ndo anaiweza ikitumika saa zote itamwangusha mama, na nyumba yenye kichanga haiwezi kusimama mama akianguka.

Kwanza ujue analia kawaida au hapana

Vichanga wanalia, ndo lugha yao ya pekee. Daktari mmoja wa Marekani, T. Berry Brazelton, mwaka 1962 alitoa hesabu za akina mama wa watoto 80 waliokuwa wanaandika kila siku mtoto kalia muda gani, ikaonekana mtoto wa wiki 2 analia kama saa 1 na dakika 45 kwa siku ukijumlisha vilio vyote, halafu inapanda hadi karibu saa 2 na dakika 45 akifika wiki ya 6, kisha inaanza kushuka, na miezi mitatu minne wengi wanakuwa wametulia. Na kilio kingi kinakuja jioni. Kwa hiyo kama mtoto wako alikuwa mpole wiki ya kwanza halafu wiki ya nne amebadilika, jamani si kwamba amerogwa wala maziwa yako hayajaharibika, ndo umri wenyewe, na ile wiki ya 6 ndo hiyo hiyo anapelekwa kliniki kuchomwa sindano za mapaja, basi siku hiyo jipangeni mapema nyumba nzima.

Kabla ya kujaribu lolote hapa chini angalia vitu vya wazi: nepi, njaa, joto (mshike kifuani au shingoni, mikono na miguu inadanganya), nguo inayobana, na hili wengi hawalijui, angalia vidole vya miguu na vya mikono na sehemu za siri kama hakuna uzi wa soksi au unywele umejizungusha. Unaweza ukabembeleza hadi asubuhi kumbe unywele unamkata kidole.

Ziwa au nyonyo ya plastiki

Ziwa linashinda, sitazunguka hapo. Kichanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, tumbo lake dogo na maziwa ya mama yanasagika haraka, kwa hiyo kilio cha njaa baada ya saa moja na nusu si ulafi. Halafu ziwa halitulizi njaa peke yake, kule kunyonya, joto la mama, harufu yake, mapigo ya moyo aliyoyazoea tangu tumboni, vyote anavipata kwa pamoja. Hata Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri mtoto anyonyeshwe wakati anachomwa chanjo, manake inapunguza maumivu, kwa hiyo usione aibu kumwambia nesi ngoja nimuweke ziwani kwanza.

Tatizo la ziwa ni kwamba liko kwa mtu mmoja tu. Na jioni watoto wengi wana tabia ya kunyonya, kuacha, kulia, kunyonya tena, saa mbili tatu hivi mfululizo, hapo ndo unasikia "maziwa hayamtoshi huyo" na kopo la maziwa ya unga linanunuliwa usiku huo huo. Subirini kwanza. Kama mtoto amepita siku ya tano na analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na kwenye kadi ya kliniki uzito unapanda, maziwa yanatosha. Kulia jioni si kipimo cha maziwa.

Nyonyo ya plastiki, ile tupu isiyo na maziwa, nayo inatuliza, tusidanganyane, manake mtoto anataka kunyonya hata akiwa ameshiba, na uzuri wake baba au bibi anaweza kumpa wakati mama kaenda kuoga. Ila ina masharti. Subiri kwanza kunyonya ziwa kukae sawa, wiki tatu nne hivi, isije ikamla muda wake wa kunyonya na maziwa yakapungua. Ichemshwe. Isifungwe kamba ya shingoni. Na tafadhali sana isichovywe kwenye asali, asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ni sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia, hata kijiko kimoja hapana. Sukari pia iacheni jikoni. Kwa nyumba ambayo maji safi na kuchemsha ni shida, mi ningeiacha kabisa, kidole kisafi kilichonawishwa kwa sabuni na kukatwa kucha kinafanya kazi ile ile kwa dakika chache.

Kumbeba au kumlaza kwenye bembea na viti

Hapa ndo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo.

Kuna ile kauli "usimzoeze mikono". Imesemwa mpaka imekuwa sheria, mtoto ana wiki tatu watu wanaogopa kumbeba. Sasa mwaka 1986 watafiti wawili, Hunziker na Barr, kule Montreal Kanada, waliwaomba akina mama fulani wawabebe watoto wao angalau saa tatu za nyongeza kila siku, wakiwa wanalia au hawalii, wengine wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Wiki ya 6 ilipofika, kile kipindi kibaya kabisa, waliobebwa zaidi walikuwa wanalia na kusumbua pungufu kwa asilimia 43, na jioni ndo zaidi, asilimia 51. Huyo Barr baadaye akaandika na wenzake kuhusu Wasan, watu wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ambao mtoto yuko mwilini kwa mama karibu siku nzima na ananyonya kila mara, wakakuta watoto wale wanaanza kulia mara nyingi kama wa Ulaya tu ila vilio vyao ni vifupi, karibu nusu. Kwa hiyo mbeleko haizuii kilio kuanza, inakikata kisirefuke. Bibi zetu walikuwa na khanga begani na hawakuwa na haja ya utafiti wowote, lakini ni vizuri kujua kwamba ukipima kwa utafiti unakuta walikuwa sahihi.

Na kubeba kuna ufundi. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Kumi Kuroda walionyesha 2013 kwamba mtoto akibebwa na mtu ANAYETEMBEA mapigo ya moyo yanashuka na anaacha kulia, akibebwa na mtu aliyekaa haiwi hivyo. Mwaka 2022 wakaja na maelezo ya kuwalaza: tembea naye dakika 5 bila kusimama simama, akishalala usikimbilie kumlaza, kaa naye dakika 5 hadi 8 hivi ndo umlaze. Manake wengi wanaamka pale pale kifua chake kinapoachana na kifua chako. Kwa kweli hii ni njia ya bure kabisa na inafanywa na yeyote mwenye miguu, baba, shangazi, mjomba, babu, dada wa kazi. Kwa kigezo changu cha nani anaweza kuifanya, hakuna inayoifikia.

Masharti sasa. Kichanga anabebwa mbele, wima, uso unaonekana na pua haijazibwa na kitambaa, kidevu kisigandamane na kifua chake, awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini. Mgongoni subiri shingo ikaze, najua wapo wanaowabeba mgongoni mapema sana kwa sababu shamba au biashara haisubiri, lakini kichanga mgongoni huoni uso wake na shingo yake haijiwezi. Usiwe naye kifuani ukiwa unakaanga au umeinamia jiko la mkaa, mafuta yanaruka na ule moshi ni mbaya kwa mapafu yake. Na ukiona usingizi unakuchukua wewe, usikae naye kwenye kochi, hapo ndo hatari kubwa, mtu anasinzia mtoto anateleza kati ya mwili na mto. Mpe mwenzako, au mlaze chali kwenye kitanda chake ndani ya chandarua, godoro gumu, bila mito wala blanketi jingi.

Bembea za umeme na viti vya kutikisika, wale mnaoletewa zawadi na ndugu walioko nje, vinasaidia kwa muda mfupi mikono ikichoka, ila mtoto akilala humo hamishia sehemu bapa, kiti kinamkunja shingo na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Na ni bei. Hela ya bembea mi ningenunua khanga mbili na kumlipa mtu aje kufua nepi wiki nzima.

Kumfunga khanga au ngozi kwa ngozi

Zote mbili zinamrudishia mtoto ile hali ya kubanwa tumboni, lakini moja inaongeza nguo na nyingine inavua.

Kumfunga kunasaidia zaidi yule mtoto anayeshtuka shtuka, amelala vizuri ghafla mikono inaruka juu kama anaanguka, anajiamsha mwenyewe. Ukimzungushia khanga, au leso kama uko Mombasa, mikono inatulia. Ila funga kifua kwa wastani, mkono wako upite kati ya khanga na kifua chake, na miguu isinyooshwe ikabanwa, nyonga zinatakiwa zikunjike na kufunguka kama za chura, ukizinyoosha kwa nguvu kila siku nyonga inaweza kutoka mahali pake. Alale chali siku zote, na akianza dalili za kugeuka kufunga kunakwisha. Halafu angalia uko wapi. Njombe au Lushoto mwezi wa saba sawa, Dar mwezi wa pili umeme umekatika na mtoto kafungwa blanketi juu ya sweta na kofia, huyo analia kwa joto na joto likizidi ni hatari kwake akiwa usingizini. Khanga moja nyepesi na nepi inatosha.

Ngozi kwa ngozi ni mtoto na nepi tu kifuani pako, khanga juu ya wote wawili. Ilianza Bogotá Kolombia 1978, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto, akawaweka vifuani kwa mama zao. Hapa kwetu inaitwa kangaruu na wodi za njiti wanaijua vizuri, tena Tanzania ni moja ya nchi tano zilizoshiriki jaribio lile kubwa lililotoka 2021, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ambapo kuwaweka watoto wa chini ya kilo 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya mwezi wa kwanza kwa asilimia 25. Kama inaokoa njiti, huyu wa kwako wa kilo tatu na nusu anayelia jioni haimshindi. Na kifua cha baba kinafanya kazi vile vile, hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu akina baba wengi wanajiona hawana cha kutoa miezi ya mwanzo. Vua shati, jiegemeze ukiwa macho kabisa, muweke.

Nikipewa nichague moja kati ya hizi, mchana na jioni ngozi kwa ngozi, usiku wa manane wakati kila mtu anataka kulala, khanga.

Kelele au kuimba

Fupi hii. Sauti ya mfululizo kama feni, mvua, "shhhh" ya mdomoni inawashika watoto kweli, kuna jaribio la London la 1990 lililochapwa ambapo kati ya vichanga 20 waliowekewa sauti hiyo 16 walilala ndani ya dakika 5, wale 20 wasiowekewa wakalala 5 tu. Tatizo ni sauti kuwa kubwa. Watafiti wa Kanada walipima vile vimashine 2014 na vingine vilipita desibeli 85 vikiwa karibu na kitanda, hicho ni kiwango ambacho hata mfanyakazi wa kiwandani anatakiwa ajikinge masikio. Kwa hiyo simu isiwe kwenye mto wake, iwe mita mbili mbali, sauti ya chini, akilala zima. Kuimba hakuna hatari hiyo, hakuli chaji, na mtoto anaijua sauti ya mama tangu tumboni. Imba chochote, tenzi, kaswida, wimbo wa bibi yako, mradi ni pole pole na unarudia rudia. Ila kuimba peke yake bila kutembea kwa mtoto aliyekwisha kupandisha kilio huwa hakumfikii, changanya.

Gripe water na dawa za mchango, au mikono yako tu

Kila duka la dawa lina ile chupa. Gripe water alianza kuitengeneza Mwingereza William Woodward mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani, sasa fikiria kwa nini watoto wa zamani walikuwa wanalala. Za leo nyingi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba zinamaliza kilio cha jioni, na zile dawa za matone za gesi nazo zilipojaribiwa hazikuzidi maji yasiyo na dawa. Ukishampa chupa hiyo umeshavunja ile miezi 6 ya maziwa ya mama tu, na kijiko, maji, chupa iliyofunguliwa wiki mbili, vyote ni njia ya kuhara. Mitishamba ya mchango ndo naiogopa zaidi, haina kipimo, na ini na figo za mtoto wa wiki tatu ni changa mno. Najua inatoka kwa watu wanaompenda mtoto. Bibi akileta, pokea kwa heshima, sema asante bibi, halafu mkabidhi mtoto ambebe atembee naye uani, atatuliza kwa mikono yake kuliko kwa chupa.

Upande wa pili ni kumcheulisha: akimaliza kila ziwa muweke begani au mkalishe mapajani kidevu ukikishika, mgongo upapaswe taratibu, dakika kadhaa, asipocheua pia si kosa. Kukanda tumbo kwa kiganja chenye mafuta ya nazi kuzunguka kufuata mshale wa saa, magoti kuyasukuma kwenda tumboni kama anaendesha baiskeli, hivyo vinawasaidia baadhi ya watoto kutoa gesi na havina madhara ukifanya wakati hajatoka kunyonya muda huo. Siahidi muujiza, ila kati ya chupa na mikono, mikono.

Sasa wewe uchague ipi

Mama uko peke yako mchana, mikono imejaa kazi: mbeleko mbele, kazi za moto ziahirishe. Mna watu nyumbani: mama anyonyeshe tu, kutembea naye, kumcheulisha na kumbadilisha vigawanywe zamu, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku mama apumzike katikati ya kunyonyesha. Mtoto njiti au mdogo: ngozi kwa ngozi kabla ya yote na fuata walivyokuelekeza wodini. Anashtuka usingizini: khanga. Unaishi chumba kimoja na mtoto mwingine anapiga kelele: feni au sauti ya mfululizo kwa mbali. Umejifungua kwa upasuaji, kubeba na kutembea mwachie mwingine wiki za mwanzo, wewe nyonyesha umelala ubavu. Na usibadilishe njia kila dakika moja, yaani mtoto akitikiswa, akaimbiwa, akafungwa, akafunguliwa, akawekewa redio ndani ya dakika tano anachanganyikiwa na kulia zaidi. Ipe njia moja dakika tano hadi kumi hivi.

Kuna kilio ambacho hakuna njia yoyote hapa inayokihusu, hicho ni cha hospitali na si cha kusubiri asubuhi: mwili una joto la nyuzi 38 au zaidi, au umekuwa wa baridi na hapati moto, amekataa kunyonya, amelegea, degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia au kifua kinaingia ndani, anatapika kijani, utosi umeingia ndani au umevimba, kitovu chekundu chenye usaha, manjano imeshuka mpaka viganjani na nyayoni, uvimbe mgumu kwenye kinena, au kilio chenyewe kimebadilika kikawa chembamba cha juu ambacho hujawahi kukisikia kwake. Pia mtoto aliyekuwa analia sana halafu akanyamaza akawa haamki hata kunyonya, hajatulia huyo, kimbia naye.

Na kama umeangalia yote, kashiba, mkavu, hana homa, umetembea, umeimba na bado analia na wewe unaanza kusikia hasira inapanda, mlaze chali kitandani kwake, toka nje ya chumba, funga mlango, kunywa maji, mpigie mtu simu, rudi baada ya dakika chache umwangalie. Kulia dakika kumi akiwa salama kitandani hakumdhuru. Kumtikisa kwa hasira sekunde chache tu kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo, akafa au akabaki na ulemavu maisha yake yote, na hili mwambieni kila atakayeachiwa mtoto, baba, dada wa kazi, mdogo wake mama, mwambieni kabla hajaachiwa na mwambieni pia kwamba akishindwa anaruhusiwa kupiga simu saa yoyote na hakuna atakayemgombeza.